Mstari Kwenye Blanketi la Shangazi

Nilikalia kiti cha shangazi kwa dakika ishirini tu, alipotoka kunywa chai, na hizo zikatosha kumharibia maisha. Naanza na hilo ili usije ukaniona mtu mwema huko mbele.

Karakana yetu inafuma mablanketi ya mohea, yaani manyoya marefu ya mbuzi wanaonyolewa na kurudi malishoni. Rangi tunaichemsha wenyewe kwa magome. Chungu cha leo hakitoi rangi sawasawa na cha jana, kwa hiyo uzi wa vikapu viwili hauchanganywi kamwe. Hata mgeni anaambiwa hivyo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Mimi, mwenye miaka sita kazini, nilitaka kujionyesha hodari, nikachota uzi mbiombio bila kuangalia, kumbe kwenye kikapu cha jirani. Chini ya taa rangi zilifanana. Niliposhtuka nilikuwa nimeshafuma upana wa kiganja, na shangazi huyo mlangoni, anafuta midomo. Nikazungusha haraka gogo la kukunjia kitambaa, kikajiviringisha, kosa likafichika ndani. Yeye akaketi, akaendelea na uzi wake.

Blanketi lilipokatwa na kutandazwa juani, mstari ulionekana toka getini. Mkaguzi wetu, tunayemwita Rula kwa sababu angeweza kupima hata kivuli chake, alimtazama shangazi kwa huruma.

"Macho yamechoka, mama. Wewe sasa ukakae kwenye kuchana manyoya."

Nilikuwepo. Nilinyamaza. Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, aliomba radhi mbele ya watu wote kwa kosa langu. Kisha akaliomba lile blanketi, akaenda kulitandika kitandani kwake, na mimi nikawa naliona kila asubuhi nikienda kumwamkia.

Ningeweza kusema wiki ileile. Nilijiambia kuchana ni kazi nyepesi, na kwamba umri wake nao umesogea. Uoga mtupu. Kisha shangazi akaanza kunikabidhi vitu. Kwanza jiko, eti asije akasahau moto. Halafu funguo za nyumba.

"Kaa nazo wewe," alisema. "Mimi nitazipoteza."

Jumapili moja nilimkuta ametandaza blanketi kwenye ngazi za mlangoni, amepiga magoti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu njoo. Mstari unaanzia hapa, si ndiyo? Unaishia hapa."

"Ndiyo."

"Naona vizuri tu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata namba ya nyumba ile ng'ambo naisoma. Kwa hiyo si macho, mwanangu. Ni kichwa. Mama yangu, bibi yako, naye alianza hivihivi, na unakumbuka alivyoishia, hanijui mimi wala wewe. Nakaa nawaza, siku ile akili yangu ilikuwa wapi? Sikumbuki kabisa kukigusa kile kikapu."

Nikakaa chini kando yake.

"Hukukigusa," nikasema. "Ulikuwa umeenda kunywa chai. Ni mimi. Nilikosea, nikaficha, nikakuacha ubebe wewe."

Nilingoja kofi, au yale maneno yake yanayomenya mtu kama kitunguu. Niliyatamani, wallahi. Yeye alinitazama tu.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau kitu, shangazi."

"Kichwa changu kizima?"

"Kizima kabisa."

Akajifunika uso kwa blanketi, akalia mpaka mabega yakatikisika. Sikuthubutu kumgusa. Nikaanza kubwabwaja kwamba kesho nitakwenda kwa Rula, nitaeleza kila kitu, nikachane manyoya mimi na yeye arudi kwenye kiti chake. Sidhani kama alinisikia.

Alipomaliza alilikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akainuka bila kushika ukuta. Akaninyooshea mkono.

"Lete funguo zangu."