Zulia la Chumba cha Majaribio

Yah: Udhibiti wa Kelele Zisizo za Lazima, Jengo la Pili, Ghorofa ya Juu… na kwa nini kichwa chake kimeng'ang'ania waraka huo sasa hivi, mkono umenyanyuka usawa wa bega, magazini ya bunduki mkononi imejazwa risasi bandia, midomo ikitazama chini, na watu watatu wanamsubiri aiachie tu ianguke sakafuni, kuachia kitu nayo ni kazi, hata mtoto wa kunyonya anaiweza, "Mama Midomo, tuachie basi, Afande ana safari," huyo ni bosi, na ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa miaka yote hii kazi yake ni kuchora midomo ya magazini, zile kingo mbili za plastiki zinazoshika risasi ya juu isichomoke kabla ya wakati wake, zikipasuka hizo basi kasha zima limebaki kopo la penseli, na zilipasuka kweli, toleo la kwanza midomo, la pili kitako kiling'oka, springi ikaruka hadi dirishani na bosi akajikuta nyuma ya kabati, mpaka leo anasema alikuwa anatafuta kalamu, la tatu likamegeka kona ya nyuma kama biskuti, ndipo yeye akaiviringa ile kona, akaongeza unene kiasi cha ukucha, akabadili mchanganyiko wa plastiki, na toleo la nne, hata mkwaruzo, likapita, likapita tena, wakampigia makofi, mhasibu wa ghorofa ya chini akapanda ngazi kuja kumpongeza, "Dada, siku hizi mnafanya kazi kistaarabu, hatuwasikii kabisa," hatuwasikii… mhasibu huyuhuyu aliyesimama hapo sasa na kikombe chake, ndiye aliyelalamika kwamba kila magazini ikianguka juu chai yake inatikisika chini, ikaundwa kamati ya kelele, ikakaa siku nzima ikipigiana kelele, ukatoka waraka, nakala hadi kwa mlinzi wa geti, na fundi wa majengo akatandika juu ya zege la sakafu zulia la mpira, jeusi, nene, zuri mno kwa visigino, mwenyewe alimshukuru, "Fundi, umetuonea huruma," lakini zulia lilitandikwa lini, kabla ya kona au baada ya kona, hapana, ngoja, yeye alikuwa nyumbani akimuuguza mama, aliporudi alikuta vyote viwili vinamngoja, kalibu mpya ya kumiminia toleo la nne na zulia jipya, maarusi wa siku moja, kwa hiyo kipi kilichoiokoa magazini, kona yake au zulia la mhasibu, kona ni nzuri, anaijua, aliichora na kuifuta mpaka karatasi ikatoboka, lakini la tatu nalo alilijua hivyohivyo, akaapa kwa jina la baba, na likamegeka, zege lilimwambia ukweli usoni bila haya, kwaa! na zulia linasema nini, zulia linasema pfu, pfu si jibu, pfu ni adabu… "Kwani imekugandia mkononi?" Afande anacheka, Afande mwenyewe kaja kukamilisha mambo, leo ikipita mbele yake anachukua za jeshi zima, maana kikosi kimoja kilichopewa kuonja kimezisifu, kikosi cha kule milimani, cha mdogo wake yeye, kitinda mimba wao, juzi tu kwenye simu, "Dada, zako tunaziamini, huku ni mawe matupu, ukilala mawe, ukikaa mawe, ukianguka ni juu ya mawe," akacheka, naye akacheka, na mama kitandani akauliza, umemtengenezea mdogo wako kitu cha maana? nimemtengenezea, mama, alijibu upesi kama mtu anayejua, na mawe hayasomi waraka, hakuna fundi wa majengo aliyepanda milima ile na mpira begani, labda kona inatosha, labda, na hiyo labda ndiyo aliyomvalisha mtoto wa mama yake kifuani, ncha ya kiatu chake inapapasa ukingo wa zulia, unanyanyuka, umeanza kujikunja wenyewe, chini yake zege ni lilelile, lina hata alama za toleo la tatu, maneno ni machache tu, bosi, naomba kwanza tuliondoe hili, mhasibu atashika kikombe chake, Afande atauliza kwani hamkuliondoa siku zote hizo, na bosi atatafuta tena kalamu… mkono bado uko juu, "Mama Midomo!" ndiyo, bosi, anasikia, na hakuna fumbo tena hapa. Toleo la nne halijawahi kudondoshwa kwenye zege.