Usimpime kwa Sweta ya Nduguye

Wewe mzazi ambaye mtoto wako amekuletea karatasi ya kutia sahihi ili afundishwe kulenga shabaha, usiikimbilie kalamu. Kaa kwanza usikie yaliyompata Loice, mke wa Maurice, kule Doha mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Wala hayakutokea gizani, ukasema labda aliona vivuli. Yalitokea saa nne ya asubuhi, jua limetanda juu ya mchanga, watu wanakunywa chai ya maziwa.

Maurice alikuwa amestaafu jeshi kwao Kenya, akapata kazi kwenye klabu moja ya kulenga shabaha nje ya mji, upande wa jangwa. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mstari: akisema pigeni, watu wanapiga, akiinua bendera nyekundu, hakuna anayegusa bunduki. Loice alipika uji na wali katika shule ya watoto wadogo huko Al Wakrah, ndiko walikopanga. Mtoto waliyekuwa naye alikuwa mmoja, Velma, wa miaka kumi na mmoja.

Hapo awali walikuwa nao wawili. Mkubwa, Arnold, walimwacha Vihiga kwa bibi yake wakingoja makaratasi, na makaratasi yakachelewa. Mwezi wa nane mmoja, Arnold na wenzake walishindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu, katika shimo la wachimba mawe lililojaa mvua. Arnold alishinda, lakini hakuibuka kuambiwa ameshinda. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Loice alifika nyumbani wakati seremala anamlazia kamba mwanawe, kisogoni hadi kisiginoni, apate kukata mbao za jeneza. Kwao ilijulikana tangu zamani kwamba aliye hai hapimwi kwa kamba, ila yeye alikuwa akiyaona hayo maneno ya wazee tu. Tangu siku ile hakuyaona hivyo tena. Nguo za Velma alizinunua kwa kukisia, kubwa kubwa, akisema, "Atakulia humo humo."

Basi klabu ikafungua darasa la watoto wa wafanyakazi. Velma akalia, akabembeleza, akaosha vyombo bila kuambiwa. Baba yake naye alikuwa upande wake. Loice akatia sahihi. Jumamosi wakaenda wote watatu kuchagua bunduki.

Fundi wa bunduki alikuwa mzee wa Mombasa, Fundi Shee, aliyekaa Ghuba miaka ishirini na bado akiongea kana kwamba amevuka feri ya Likoni jana. Alikuwa ameweka tatu juu ya meza.

"Nataka hiyo nyeusi," Velma akasema.

"Najua. Kila mtu ataka nyeusi." Fundi Shee akamkabidhi. "Ishike. Ishike tu, usilenge kitu. Haya, nihesabie mpaka thelathini."

Velma alifika kumi na nane, mtutu ukaanza kuinamia sakafu.

"Umeona? Hiyo ni ya mtu mwenye mabega. Wewe utaua viatu vyako."

"Na hii ya upepo?" Maurice akauliza.

"Nzuri, lakini ina foleni hadi Machi. Mimi ningekuwa babake ningemchukulia hii ya pointi tuu-tuu." Akainua ile ya tatu, yenye kitako cha mti kilichokwaruzwa. "Risasi yake yatoshana na punje ya mahindi. Haipigi teke, wala haina mlio wa kumtia mtoto woga, ila masikio azibe. Na inakula moja moja. Akikosa, afungue, atie nyingine, afikirie alichokosea. Mtoto ukimpa ya risasi kumi ataimwaga kama maji."

"Tuchukue hiyo," Loice akasema. Alipenda neno lile la kufikiria.

"Kilichobaki ni kitako. Kikiwa kirefu atajinyoosha kama kuku anayechungulia chungu. Kikiwa kifupi, atajigonga pua. Lete mkono, mwanangu. Twapima kuanzia kwenye kiwiko hadi kidole cha kufyatulia." Akatoa kamba mfukoni.

Loice aliunyakua mkono wa Velma hata mtoto akapiga yowe.

"Hapimwi."

"Mama Velma, sipimi jeneza mimi. Napima mti."

Hilo ndilo neno ambalo hangepaswa kulisema. Maurice akacheka kicheko cha kuomba radhi. "Fundi, wamama wa kwetu wana mambo." Kisha kwa sauti ya chini, "Loice, usiniaibishe kazini."

"Basi kampimeni kwenu mniletee namba," Fundi Shee akasema, akirudisha kamba mfukoni. "Hata sielewi. Sisi wa pwani ndio twasingiziwa majini, kumbe mizungu iko bara!"

Nyumbani Loice alijaribu. Alimwita Velma, akashika utepe wa kushonea, mikono ikakataa. Akamwambia nenda kacheze. Kisha akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa sweta ya shule ya Arnold, ya kijani, ambayo hakuna aliyejua kwamba alikuja nayo. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetiwa kiraka cha uzi wa buluu, kwa sababu Arnold alikuwa wa mkono wa kushoto na daima aliegemea upande huo akiandika. Akaitandaza kitandani, akakunja mkono ule wa kushoto, akapima toka kiwikoni hadi mwisho wa mkono wa sweta, akaongeza urefu wa kiganja na kidole kwa kukumbuka. Sentimita thelathini na mbili, na namba hiyo ndiyo aliyompelekea Fundi Shee.

Velma anakaribia umri ule, akajiambia. Watoto wa tumbo moja hawapishani sana. Na nguo haina roho.

Hapo ndipo alipokosea, na hapo ndipo wewe usikosee.

Siku ya kwanza Velma alilala kifudifudi kwenye godoro la mstarini, akapewa bunduki, akaiweka kwenye bega la kushoto.

"Kulia, Velma," baba yake akamwambia. Akaihamisha. Maurice alipogeuka, bunduki ilikuwa imerudi kushoto.

"Nani kamfundisha mkono huo?" Fundi Shee akauliza. "Alishika kikombe kwa kulia hapa hapa."

Papo hapo risasi zilianza kwenda. Risasi tano. Karatasi ilipoletwa kutoka mita hamsini, ilikuwa na tundu moja. Wakadhani nne zimepotea. Fundi akaiinua juani, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. "Zote zimepita humu," akasema, na hakusema kwa furaha.

Lakini Maurice alifurahi. Alipiga picha, akatuma kwao, Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya ibada hata kwa Wakristo, akaionyesha kanisani Mesaimeer mpaka watu wakachoka. Na Loice naye, kwa nini nifiche, alijisikia mama wa mtu.

Wiki ya tatu ndipo alipogundua ile pumzi.

Mlenga shabaha hubana pumzi kidogo kabla ya kufyatua. Hilo Maurice alikuwa amemweleza. Lakini Loice, aliyekaa kwenye benchi nyuma ya kioo, aliona mgongo wa mwanawe umetulia, akahesabu kwa moyo. Arobaini. Jumamosi iliyofuata, sabini. Watoto wengine walikuwa wamemaliza raundi, wanakuna miguu, na yeye amelala tu kama kitu kilichowekwa. Kisha mlio mmoja, tundu lile lile.

"Mwanao hapumui!" mwalimu mmoja alimpongeza akipita. "Mashallah, kama jiwe."

Garini wakirudi, Loice akamuuliza, "Ukiwa pale chini, unafikiria nini?"

"Sifikirii. Ananihesabia."

"Baba?"

"Hapana. Huyo anayelala upande ule mwingine wa bunduki."

Maurice akacheka. "Hiyo ndiyo inaitwa kumakinika, mama. Hata sisi jeshini tulikuwa na vituko."

Loice hakucheka. Mchana wa siku hiyo, wakila, tonge la Velma lilisimama njiani, katika mkono wa kushoto. Macho yalikuwa ukutani. Kifua hakipandi. Midomo ikaanza kuwa ya rangi ya majivu.

"Velma! We Velma!"

Mtoto akainua kidole kumnyamazisha. "Ngoja, sijashinda bado."

Velma alikuwa mdogo mno Arnold alipokufa. Hakuna aliyewahi kumwambia kaka yake alikufa akifanya nini. Waliambizana kumwambia ni homa.

Usiku Loice alimwambia mumewe amwondoe darasani. Maurice akakataa, akasema mtoto ana kipaji na mama ana majonzi, na majonzi yasimle mtoto. Huenda hata wewe ungesema hivyo.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na vumbi, mbingu nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Loice alikaa kwenye benchi akahesabu. Themanini. Tisini. Mia. Mia na ishirini. Mgongo ule haukutikisika. Akainuka, akamkimbilia Fundi Shee kwenye karakana yake.

"Fundi, ile namba niliyokuletea si ya Velma."

Mzee akaweka glasi ya chai chini. "Umempimia nani?"

"Kaka yake. Nilipima sweta yake."

"Naye yuko wapi?"

"Tumemzika."

Fundi Shee akanong'ona ya dini yake, akachukua kamba kutoka kwenye msumari. "Njoo. Apimwe mwenyewe, na apimwe angali hai."

"Pima wewe."

"Mimi nitapima mti tu. Ajuaye anampima nani ni wewe."

Maurice alipowaona wanakuja mbio na kamba, alitaka kukaripia. Kisha akamtazama bintiye, akatazama vizuri, na bendera nyekundu ikapanda. "Simamisheni! Fungueni bunduki, wekeni chini!" Mstari mzima ukaweka chini. Velma hakusogea. Maurice akapiga magoti, akaifungua bunduki ya mwanawe, akatoa risasi, akashika mtutu aivute.

Haikuja. Mtu aliyebeba masanduku ya risasi maisha yake yote alivuta bunduki ya mtoto wa miaka kumi na mmoja, isije. Baadaye alisema ilikuwa kama kuvutana na mtu mwenye nguvu zake, aliyeishika kwa upole.

Loice akalala kwenye simenti kando ya mtoto. Akauchukua mkono wake wa kulia, baridi kama samaki wakati nje ni joto la kuchoma, akaukunja. Akaibana kamba kwenye kiwiko, akaivuta hadi kwenye kidole.

"Huyu ni Velma," akasema. Hakujua amtazame nani, kwa hiyo alitazama upande ule mwingine, pale pasipokuwa na mtu. "Mkono wake ni huu. Ni mfupi. Wako ulikuwa mrefu, mwanangu, mimi naujua. Kosa ni langu. Mwachie."

Bunduki ikamwangukia Maurice mapajani. Na Velma akavuta hewa, mlio ule wa mtu aliyetoka chini ya maji, akakohoa, akalia, akampiga mama yake ngumi za kifuani.

Kamba ilipowekwa kwenye rula ilisoma sentimita ishirini na nane. Fundi Shee alikata kitako saa ile ile, na unga wa mti ulioanguka aliufagia mwenyewe, akaufunga kwenye karatasi, hakusema anaupeleka wapi.

Tangu hapo Velma alilenga kwa mkono wa kulia, na alikuwa mbovu. Mara moja alitoboa karatasi ya jirani. Maurice alihuzunika wiki moja, kisha akaanza kumtania, "Leo umemuua nani huko pembeni?" Loice aliziokota zile karatasi zenye matundu kila mahali akazibandika jikoni.

Lakini mtoto hakusema na mama yake kwa siku nyingi. Alijibu ndiyo, alijibu hapana, basi. Ijumaa moja, wametoka ibadani Mesaimeer, wanangoja gari kwenye kivuli chembamba cha ukuta, ndipo aliposema, bila kumtazama.

"Ulikuja na kamba kabla hajamaliza."

"Nani?" Loice akauliza, ingawa alijua.

"Alisema nikibana mpaka mwisho atanipa maneno yote nikuletee. Nilikuwa nimepata mawili tu."

"Yapi?"

"'Mwambie mama.'"

Magari yalipita. Watu walisalimiana. Loice alisimama pale na tamaa ikampanda, na hii ndiyo sehemu ambayo ni aibu kuisimulia: alitaka kumwomba abane tena. Mara moja tu, kidogo tu, apate neno la tatu. Aliufungua mdomo kabisa. Akautazama mdomo wa mtoto uliofungwa, mashavu yaliyojaa, akaona kwamba Velma mwenyewe alikuwa anangoja kuombwa.

"Vuta hewa," akamwambia.

Velma akatikisa kichwa.

"Velma. Vuta."

Velma akavuta, kwa hasira, kwa pua, kwa sauti ya kuudhi kabisa.

"Tena," Loice akasema.