Mawimbi ya Mwishehe

Mwanahalima alikuwa uani kwake Msimbu, miguu ameinyoosha, anasuka ukili wa mkeka mpya, shemeji yake Shomari alipoingia na kusema barabara kule Kibaha imeota mawimbi.

"Mawimbi gani?"

"Ya kwako, shemeji. Ya mkeka."

Wanawake wa Msimbu waliuita mawimbi ule mstari wa ukindu mweusi unaopanda na kushuka bila kukatika, ingawa wengi wao bahari hawakuwahi kuiona. Kila mmoja alikuwa na yake. Ya Mwanahalima yalikuwa madogo matatu, kisha moja kubwa, na mumewe Mwishehe aliamka kila asubuhi nayo yamejichora mgongoni.

Mwishehe alichukuliwa masika yaliyopita kwenda kuchimba barabara hiyo ya serikali. Baadaye nyapara wao, Zahoro, alileta habari kwamba katoroka. Basi Mwanahalima akawa mke wa mtoro. Hakukaa eda, hakuna aliyemwekea mumewe matanga, na Jumbe Pazi, mkuu wa kijiji, akamtoa Shomari kwenda kuijaza nafasi ya kaka yake.

Kulipokucha alifuatana na Shomari. Barabara ilikuwa imenyooka vizuri mpaka kwenye mteremko, na hapo ikapanda na kushuka: madogo matatu, moja kubwa. Malori yaliyumba na kumwaga katani. Asubuhi vibarua walisawazisha, adhuhuri mawimbi yakarudi, nao wakasawazisha tena. Zahoro alilalamika tu kwamba kazi haisogei.

"Mume wangu yuko hapa chini," Mwanahalima alimwambia.

"Mumeo mtoro."

"Mtoro gani huyo, hata barabara hajaivuka?"

Vibarua wawili walicheka, wakainama tena. Zahoro alijikuna shingo.

"Alianguka, mama. Jua lilikuwa kali, na Bwana Barabara alikuwa njiani kuja kukagua. Tukamfunika kifusi, tukaendelea. Ulitaka nisimamishe kazi?"

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini mbuzi kamfunga upande huu na si ule.

"Basi nipeni nikamwoshe, nimzike na mkeka wake."

"Barabara ya serikali haichimbwi. Ukiichimba, unafungwa."

"Kumbe ya kumfukia mtu inachimbwa."

Zahoro aliwageukia vibarua, akawaamuru waendelee.

Bwana Barabara, Mzungu mkaguzi, alifika na gari lake, likamrusha mara tatu kidogo, mara moja sana. Alishuka, akayapima mawimbi kwa kamba, akauliza wenyeji wanayaitaje. Akaambiwa. Neno lilimpendeza. Alieleza, Zahoro akitafsiri, kwamba mawimbi ni madhara yaletwayo na mvua na magurudumu, na kwamba neno hilo litumike hivyo kuanzia leo.

"Mwambie ni mgongo wa mume wangu," alisema Mwanahalima.

Zahoro akamwambia. Bwana Barabara aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema hata hivyo sababu ni mvua.

"Nitaacha lini kumpiga kaka jembe mgongoni?" Shomari aliuliza, na hilo Zahoro hakulitafsiri.

Juma lililofuata kazi ya kusawazisha ilisimamishwa, maana ilikuwa inakula majembe. Kikachomekwa kibao cha mbao: MAWIMBI. PUNGUZA MWENDO. Zahoro alisifiwa kwa mwandiko.

Mwanahalima alimaliza mkeka. Aliupeleka mpaka kwenye mteremko na kuutandika kando ya barabara, mawimbi yake yakiendelea pale ya barabara yalipoishia, akasoma Yasini peke yake huku vumbi likimwingia mdomoni. Kisha akaukung'uta, akaukunja, akarudi nao nyumbani, kwa sababu mkeka wa maziko haulazwi juu ya udongo, huingia chini na maiti.

Kila mwaka kibao hupakwa rangi upya. Madereva hupunguza mwendo. Shomari bado yuko barabarani, katika nafasi ya kaka yake, na Jumbe Pazi akipita mlangoni kwa Mwanahalima husimama, akauliza kama yule mtoro amerudi.