Mkono Uliochelewa Nusu Mzunguko

Wengi hudhani kuruka kamba ni kazi ya miguu. Waulize waliowahi kuchapwa na kamba sikioni wakwambie. Miguu hufuata tu. Wenye mchezo ni mikono, na mkono wa kulia wa Tiara, jina alilobandikwa kwa wepesi wake, ulikuwa umegoma.

Miaka tisa aliruka na dada yake bega kwa bega, kamba mbili, kila mmoja ameshika mpini mmoja wa kamba yake na mmoja wa kamba ya mwenzake. Mkono wa kushoto alijizungushia mwenyewe, wa kulia akamzungushia dada. Kamba moja ikiwa juu, nyingine iko chini, hivyo mkono wa kulia ukazoea kuchelewa nusu mzunguko. Kisha dada akapata kazi mbali, akafunga virago. Tiara akabakiwa na mashindano ya mmoja mmoja, na asipofuzu safari hii klabu ingempa mwingine nafasi yake.

Kila akianza, kamba ilipinda hewani ikamnasa miguu. Mwalimu wake alimrekodi kwa simu, akaipunguza kasi video.

“Tazama, mwanangu. Wa kushoto umeshafika. Wa kulia bado unasubiri.”

Tiara alijua unamsubiri nani.

Miezi miwili alishinda ukumbini peke yake, viwiko amevifunga ubavuni kwa mkanda, vifundo vya mikono tu vikizunguka, akijihesabia kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na wa kumhesabia. Nyumbani alikula amesimama. Upweke ulimkaba, asikwambie mtu. Hatimaye mikono ikapatana, na wiki ileile akafuzu. Mwalimu alishangilia mpaka sauti ikamkauka.

Dada alikuja kumpongeza. Kabla hata ya kuketi, akatoa kamba mbili kabatini.

“Njoo, mdogo wangu. Mara moja tu, tujikumbushe.”

Wakasimama bega kwa bega, Tiara akahesabu, wakaanza. Kamba ya dada ikaja mapema, ikamchapa mwenyewe miguuni. Wakarudia, ikamchapa tena. Mara ya tatu dada akacheka, huku akijisugua.

“Nimezeeka mwenzio.”

“Si wewe,” Tiara akasema. “Ni mkono wangu. Hausubiri tena.”

Dada akaiweka kamba chini. Akaketi sakafuni, akaanza kuvua viatu. Tiara akaketi kando yake, machozi yanamtiririka, maana dada alipoondoka alikuwa ameiacha nafasi yake mkononi humo, na aliyeifuta, siku baada ya siku, ni Tiara mwenyewe.