Mwizi wa Lhota

Baba yangu hakuwahi kuiba hata msumari, na mama hakumsamehe kwa hilo mpaka anaingia kaburini.

Baba, Alois Vávra, alikuwa mtunza ghala wa ushirika enzi zile ambapo kila kitu kilikuwa mali ya wote, na kwa hiyo kila mtu alijibebea sehemu yake kwenda nayo nyumbani. Funguo za saruji, mbao, rangi na nafaka zilining'inia kwenye mkanda wake. Watu walimbembeleza, wakamletea bata, wakamvisha vilemba vya ukoka, mwishowe wakakata tamaa na kuanza kungoja aende likizo. Nusu ya nyumba za kijiji chetu zilijengwa mwezi Julai. Ya kwetu haikuguswa. Tuliogea kwenye beseni jikoni mpaka nikawa msichana wa kuchumbiwa, na mama, aliyeolewa kwetu kutoka nyuma ya kilima, kila alipochemsha maji alisema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mume wangu ana ghala zima. Mimi nina beseni."

Kitu kimoja tu kilimfariji baba maishani: babu wa babu zetu alikuwa mwizi.

Kila kijiji kwetu kina waraka wake, ule wa kwanza kabisa kukitaja, na umri wa kijiji unahesabiwa kuanzia hapo hata kama watu walishakaa pale karne nzima wakiwa kimya. Vingine vilitajwa kwa sababu mfalme alilala huko. Sisi tulitajwa kwa sababu mwaka 1374 abate mmoja, mkuu wa monasteri, aliandika kwa hasira kwamba Vávra wa Lhota na wenzake walibomoa tuta la bwawa la wamonaki wakaondoka na samaki wote wa Kwaresima. Baba aliyajua maneno hayo kwa moyo. Alipochekwa kwamba ameshindwa kuiba hata gunia la shayiri, alijibu kwamba damu anayo, ila imepumzika.

Tatizo ni kwamba Lhota ni nyingi. Nchi hii ukipotea njia utatokea Lhota, na ukiuliza njia ya kutoka utaelekezwa Lhota nyingine. Iliyo karibu nasi iko ng'ambo ya kilima, mwendo wa sigara mbili. Kwenye ramani kila moja imepewa neno la kuitofautisha, lakini sisi tunasema Lhota na Ile Lhota, na wao wanasema vivyo hivyo, kinyume chake. Gari la wagonjwa likiitwa, linakwenda kwanza kwa asiyeumwa.

Ile Lhota nayo ina akina Vávra. Nayo inajihesabia umri kwa waraka huohuo. Na kibaya zaidi, Ile Lhota ina bwawa, wakati sisi tuna kijito ambacho bata anakivuka bila kulowa tumbo.

Mwaka huu ilitimia miaka mia sita na hamsini, na vijiji vyote viwili vilibandika mabango yenye picha ya mwanamume aliyekumbatia samaki. Kwetu ilipangwa bendi ya matarumbeta, soseji, hotuba, na mkokoteni wa farasi ambao juu yake angepanda baba, mwenye miaka themanini na minne, akiwa ndiye Vávra mwizi. Mimi mwenyewe nilimshonea koti la gunia. Alilijaribu kila jioni mbele ya kioo. Sikumbuki kumwona akijitazama kwenye kioo kwa furaha namna ile.

Kisha Radomil Sojka, mwenyekiti wa Ile Lhota, akaingia baani kwangu na bango letu mkononi, akaketi mbele ya baba bila kukaribishwa.

"Mzee Alois, mnatuibia mwizi wetu."

"Wenu tangu lini?"

"Tangu bwawa. Samaki waliibwa bwawani, bwawa liko kwetu. Hiyo si hesabu ya darasa la kwanza?"

"Sasa wewe Radomil, mtu mwenye bwawa mlangoni aibe samaki wa nini? Anayeiba ni yule asiye nacho."

"Basi mngekuwa mnakuja kuiba mpaka leo. Hamjaiba hata chura."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje? Mzee, funguo za ghala zilikuwa kiunoni kwako ukashindwa kuchukua ndoo ya rangi. Mke wako kazikwa na kinyongo cha beseni. Halafu wewe ndiye upande mkokoteni uitwe mwizi? Hata farasi atacheka."

Baa nzima ilicheka, na watu wetu ndio waliocheka zaidi, maana wanamjua. Baba alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Niliumia, ingawa utani ule wa beseni mimi mwenyewe nimeutumia maisha yangu yote.

"Tuwaulize wanaozisoma hizo nyaraka," baba akasema. "Waje waseme mbele ya watu ni Lhota ipi. Atakayeshindwa avue bango."

Hivyo alijichongea mwenyewe.

Kutoka mjini alikuja Daktari Hedvika Plocková, mtunza nyaraka, mwanamke mchangamfu mwenye viatu vya kupandia mlima. Tulikusanyika kwenye jumba letu la zimamoto, Lhota upande huu, Ile Lhota upande ule, kama harusi ambayo wakwe hawajaafikiana. Baba alikaa mbele kabisa na tai shingoni.

"Nina habari njema," akaanza yule mwanamke, akitabasamu. "Nimepata barua ya pili ya abate yuleyule, ya mwaka uliofuata."

Akaisoma polepole. Tuta lilibomolewa na mafuriko. Mmonaki aliyetakiwa kulilinda alikuwa amelala. Samaki walikwenda na maji. Vávra wa Lhota, mtu mwaminifu, alikuja siku ya pili akasaidia kuziba tuta bila kudai malipo, na abate anamwomba radhi kwa kumchafulia jina.

"Bila kudai malipo," baba akarudia, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Inapendeza, au siyo?"

Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma ni Lhota ipi sasa. Daktari akasema barua haisemi. Sojka akasimama, akatugeukia na kutuambia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, "Basi mchukueni nyinyi."

"Hapana," akajibu mwenyekiti wetu haraka. "Bwawa lenu, mtu wenu."

Wakasukumiana yule mtu mwaminifu mpaka bia ikaisha. Mabango yalikuwa yameshalipiwa, kwa hiyo wetu wakambandikia yule mwanamume shada la maua juu ya samaki. Walimwomba baba apande mkokoteni vilevile, kama mfano wa uaminifu. Aliwaambia wampandishe mtu mwingine.

Alilala akiangalia ukuta. Supu ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

"Miaka mia sita na hamsini, Vlasta," akaniambia. "Damu moja. Hata mmoja wetu hakuweza."

"Lakini baba, uaminifu ni jambo jema."

"Mama yako angekusikia."

Nilikuwa na hasira na yule daktari, na abate, na kila aliyewahi kumcheka baba, nami nikiwemo. Mtu mwingine angefurahi kusafishiwa ukoo. Baba alikuwa ameibiwa kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakukilipia.

Jumapili, bata akiwa bado kwenye oveni, nilimkuta amesimama ukumbini. Amevaa kofia yake ya kwenda kanisani, mkono mmoja ana wavu wa kuvulia, mwingine gunia.

"Washa gari."

"Tunakwenda wapi?"

"Ile Lhota."

"Kufanya nini, mchana huu wote?"

"Kazi ya ukoo."

Ilikuwa saa sita, na kwa kweli hakuna saa bora ya kuiba kwetu kuliko saa sita ya Jumapili. Kila mtu yuko mezani na bata wake, kabichi na madonge ya unga, na hata nyumba ikiungua atamalizia kwanza mchuzi. Nilisimamisha gari kwenye kona chini ya bwawa. Baba akapanda tutani, mgongo umenyooka, akitembea katikati kabisa kama mkaguzi. Wale samaki wanalishwa mkate na watoto, wanamjia mtu wenyewe. Aliingiza wavu mara moja tu, akatoa kapr, samaki wetu wa mabwawani, mnene kama mto wa kulalia, akamtia kwenye gunia lenye majani mabichi.

Kisha akatazama kushoto na kulia. Mwenzangu, alikuwa ameshamaliza kuiba bila kutazama popote. Sasa ndipo alipotazama. Akatoa ndani ya koti chupa ya slivovice, ile pombe yetu ya plamu, ile ya zamani aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya matanga yake mwenyewe. Akaiweka juu ya jiwe karibu na lango la maji. Akaondoka hatua kadhaa, akarudi, akaigeuza ili karatasi yake ielekee kijijini.

Alifika kwenye gari anahema.

"Nimeiba."

"Umeiba, baba."

"Basi twende, wasije wakatuona."

Uso wake ulikuwa wa kijana. Mguu wake ulikuwa unacheza juu ya sakafu ya gari, na samaki anaruka mapajani mwake ndani ya gunia, na yeye anamshikilia kwa mikono miwili na kucheka bila sauti. Nilitaka kulia. Nilijua wakishamaliza bata wao, mtu atatembea tutani, ataiona ile chupa, na kufika jioni vijiji vyote viwili vitakuwa vinasimulia kwamba Alois Vávra alikwenda kuiba samaki akaishia kumnunua.

Nikasema tairi limepungua upepo. Nikashuka, nikakimbia nikapanda tuta, nikaichukua chupa na kuificha ndani ya sweta. Sikuwahi kukimbia hivyo tangu shuleni. Baba hakugeuka, alikuwa anaongea na samaki.

Samaki aliingia kwenye hodhi la kuogea, lile ambalo baba alilinunua dukani kwa bei kamili na tukalingoja miaka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeoga. Tulimbadilishia maji, na baba akala supu yake yote, akaomba nyingine.

Jumanne walikuja. Koplo Ježek wa polisi, mtu aliyechoka tangu azaliwe, na nyuma yake Sojka, anajiuma midomo asicheke.

"Mama mkwe wangu alimwona kutoka dirishani," Sojka akasema. "Alidhani ni mtu wa serikali amekuja kupima maji."

Koplo akaingia bafuni, akamtazama samaki, samaki akamtazama koplo.

"Mzee, mrudishe tu. Nitakupa onyo la mdomo, yaishe."

"Na mimi sina neno," Sojka akadakia. "Tunamsamehe. Ni jirani."

"Usithubutu, Radomil." Baba alishika ukingo wa hodhi. "Afande, andika."

"Mzee wangu, una miaka themanini na minne."

"Andika na umri."

Koplo akaketi juu ya kifuniko cha choo, akatoa karatasi, akaanza kuuliza yale wanayoulizaga. Jina. Siku. Saa. Kisha akauliza, "Uliacha chochote pale? Malipo yoyote, kitu cha kufidia?"

Baba akamtazama Sojka, akangoja. Niliona wazi kwamba anangoja Sojka aitaje ile chupa, na kwamba akiitaja tu, kila kitu kimekwisha. Sojka alikuwa anapiga miayo.

"Hapana," baba akasema. "Sikuacha kitu."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza, na aliutamka vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Alois Vávra, wa Lhota," koplo akasoma anachoandika.

"Ongeza wilaya," baba akasema. "Na namba ya nyumba. Na kwamba hatuna bwawa. Watu wasije wakagombana tena huko mbele."

Akatia sahihi kwa mkono wa mtunza ghala, kila herufi imesimama. Sojka akambeba samaki wake kwenye ndoo, na mlangoni akavua kofia, akamwambia baba kwamba akipenda kupanda mkokoteni, wa kwao pia una nafasi.

Walipoondoka baba alifunga mlango wa bafuni, akaketi kwenye ukingo wa hodhi tupu.

"Vlasta. Nitakwambia kitu, ufe nacho. Niliwaachia slivovice pale kwenye jiwe."

"Baba."

"Ile ya matanga yangu. Wameinywa, wakajifuta midomo, wakaenda polisi. Umemwona Radomil? Ananitazama machoni, mkavu kabisa, anapiga miayo." Akatikisa kichwa, na sauti yake ilikuwa na heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu wa kijiji kile. "Daktari aseme atakavyo. Yule abate alidanganywa. Samaki waliibwa, na walioiba ni wale. Hiyo haifundishwi, mwanangu, hiyo ni damu. Sisi hatutawafikia."

"Wale wana mkono mrefu, baba," nikasema.

Nikaenda jikoni, nikaisukuma chupa nyuma zaidi ya gunia la unga. Kuhusu damu baba hakukosea sana. Mama alizaliwa Ile Lhota.