Kaptula ya Kukimbilia

...na hata angetaka kusema sasa hivi asingeweza, pini zimejaa mdomoni, kazibana kwa midomo kama alivyofundishwa angali msichana kwenye chumba cha ushonaji, usimeze, usiongee, pumua kwa pua, na mumewe kasimama juu ya stuli katikati ya sebule, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, kaptula ya kukimbilia inampwaya kiunoni kwa jinsi mwili ulivyopungua mwaka huu, naye anaongea, anaongea tu, "kilomita za mwanzo najizuia, fundi, najizuia kabisa, anayetaka kunipita anipite, hata yule mama wa maktaba anayejikongoja anipite," fundi ndilo jina analomwita, naye humwita vivyo hivyo, tangu siku alipomletea ovaroli iliyochanika kwapani, mmoja mshonaji, mwingine fundi wa lifti, nyumba ya mafundi wawili na mlango wa jikoni haujawahi kufungika sawasawa... pini ya kwanza hapa, kwenye mshono wa nyuma, polepole asimchome, na binti yao kapiga simu asubuhi, muuguzi yule, sauti yake ya wodini, "Mama, mimi baba hanisikii, anakusikia wewe, mwambie aache, ana miaka sitini na nane, si kumi na nane," na yeye akajibu nitamwambia, akaweka simu, akaenda kutafuta pini. Leo jioni wanafunga kuandikisha wakimbiaji wa marathoni, kwa hiyo ni leo, ni sasa, sentensi moja tu, maana mwenyewe alishasema, pale kwenye korido ya hospitali, akifunga vifungo vya shati, "ukiniambia niache, fundi, naacha," na hakuwa anatania, angekuwa anatania ingekuwa rahisi... siku ile alipozidiwa mazoezini mwaka huu, muuza magazeti ndiye aliyemleta nyumbani, kamshika kiuno, midomo imekuwa ya kijivu, miguu haina habari naye, na yeye akamlaza sakafuni, akambandika taulo la maji usoni huku anamgombeza, anamgombeza kwa sababu alikuwa anaogopa, anaogopa mno, na tangu hapo akichelewa kidogo kurudi anasimama dirishani kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa, ingawa daktari alimkimbiza juu ya mashine ya kupima moyo, nyaya zimemjaa kifuani, akasema moyo ni mzima, lilikuwa jua na kukosa maji, akimbie, anywe maji, asijifanye kijana, na binti akasoma majibu mstari kwa mstari, akasema, "hata hivyo..." "halafu katikati pale kwenye daraja," anasema juu ya stuli, "hapo ndipo nilipojimaliza mwaka jana," ndiyo, alijimaliza kweli, mwenyewe anakiri bila haya, alianza na wale wembamba wa mbele, wale wanaotafuta ushindi, eti alitaka kusikia viatu vyao tu, mtu mzima na akili zake, na yeye akamsubiri mwishoni mpaka miguu ikamuuma, mtangazaji kaondoka, lile tao la hewa la kumalizia mbio wanalitoa upepo, wafagiaji wanazoa vikombe barabarani, akaanza kutunga maneno ya kumfariji, si kitu, umejitahidi, akamwona anatokea kwenye kona, anatembea kama mtu anayeteremsha kabati ngazini peke yake, na alipofika kwa wafagiaji akaanza kukimbia, akawapungia, "poleni na kazi, poleni na kazi," mpaka aliyekuwa anakunja waya za spika akaziweka chini akapiga makofi, na maneno yote ya kufariji yakamtoka kichwani, akasimama pale analia kama mjinga, na hajawahi kumweleza kwa nini, hajui aanzie wapi kumwambia mtu waliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii kwamba siku ile alimwona mkubwa... pini nyingine, ubavuni, mbavu zake hizi, "unanitekenya," "mhm," na akimwambia aache ataacha, hatanuna, ndiyo shida yake mtu huyu, atavipangusa viatu na kumpa mtu, kisha atakaa, na yeye anakujua kukaa kule, ile miezi ya kwanza ya kustaafu, kiti karibu na dirisha, lifti ya jengo la pili ikilia anainua kichwa, "beringi hiyo, gololi zimelika," kisha anakiinamisha tena mpaka chakula, mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote, maana fundi wa lifti anaitwa lifti ikiwa imeharibika, sasa hana pa kupanda, hadi asubuhi aliyotumwa mkate akarudi kwa mbio, ghorofa zote, anahema, anacheka, mkate umepondeka kwapani, wakaula hivyo hivyo... hakuwa salama kwenye kiti kile, alikuwa anapungua tu, polepole, bila kumsumbua mtu, mbona siku zile binti hakupiga simu, mbona na yeye mwenyewe hakuogopa... "lengo la kwanza, nikimbie kwa muda wa chini ya saa tano," anasema, "likishindikana, nimalize bila kutembea, likishindikana hilo, nimalize tu, lakini nisiwakute tena wale wafagiaji, fundi, si vizuri, nao wana kwao, nimewachelewesha watu wa watu," na mkono wake wenye pini unasimama hewani, kumbe mwaka mzima huu, ngazi zote zile, kuamka kote kule, jasho lote analolifua yeye, mtu huyu ana deni la huruma na wafagia barabara, Mungu wangu, mtu gani huyu kampata, na hofu haijaondoka, hapana, iko pale pale chini ya kifua, itakwenda naye mpaka barabarani na kusimama naye jua zima, na binti atanuna, atanuna sana, basi anune, hofu ni yake yeye mwenyewe, aibebe yeye, asimvishe mwenzake... "wasemaje, fundi?" mikono yake bado iko juu, anamtazama kwa kumwinamia, "tangu asubuhi naona kama una neno," na yeye anazitoa pini zilizobaki, moja moja, anazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake, anapangusa midomo.

"Geuka," anasema. "Upande huu bado unapwaya."