Kiti cha Bomba Nene

Kiti hakikuinuka. Maputo mia mbili na ishirini, kila moja kubwa kama pipa, yalikuwa yakivuta juu ya kichwa changu. Mimi nimejifunga mkanda, nimekaa, na makalio yangu yako pale pale, uani kwenye karakana yangu.

"Shemeji, hebu toa pumzi," alisema kaka wa mke wangu. Yeye ni mpambaji wa kumbi za harusi. Gesi ya heliamu nilipata kwake, mitungi kumi na mitatu. Kejeli alinipa bure.

Kosa lilikuwa langu. Nilijipima: kilo tisini na mbili. Nikapima kamba, nikapima hata chupa ya maji. Kiti sikukipima. Nachomea mageti na madirisha tangu nilipoacha shule nikiwa mtoto, chuma kiko begani kutwa, uzito wake siusikii tena. Nikakiunda kiti kwa bomba nene, kina pa kuegemeza mikono na pa kuwekea miguu, utadhani anakikalia jaji.

"Tuongeze maputo," nilisema.

"Kwa gesi ipi? Mitungi mitupu. Na huu mpira unavuja. Ikifika jioni yatakuwa yamenywea kama matiti ya bibi."

Nilitaka kitu kimoja tu: kuuona mtaa kutoka juu. Nusu ya mapaa yake nimeyaezeka mimi, lakini siku zote pua yangu ilikuwa kwenye bati.

Tulipiga hesabu. Kilo sita zilitushinda. Pa mikono na pa miguu ni kilo saba. Nikikata, naruka, na inabaki kilo moja ya ziada, yaani maputo mawili. Mashine ya kukatia ina cheche, itapasua kila kitu. Ilibidi msumeno wa mkono, nao uko stoo.

"Mama watoto," nilimwita mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Njoo ukalie hapa, nikafuate msumeno."

"Nikalie mimi? Si ulisema hiki si cha wanawake?"

"Kalia tu kisipeperuke!"

Mimi na shemeji tulikigandamiza, akakaa, nikamfunga mkanda. Kamba fupi iliyokishika kiti chini nilikuwa nimeshaifungua mwenyewe, ili niruke. Imebaki ndefu tu, iliyofungwa kwenye nguzo ya geti. Tukaachia.

Mke wangu ana kilo hamsini na nane.

Aliondoka kama aliyeitwa jina. Akapita paa, akapita tangi la maji, kamba ikakaza. Kwanza alipiga ukelele. Halafu, Mungu wangu, akaanza kucheka.

"Naona hadi mtoni! Baba watoto, paa letu lina kutu! Na wewe ndiye fundi!"

Shemeji alikuwa amekaa chini, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Inuka wewe, vuta!" nikamfokea.

Tukavuta. Tulikuwa tumefika nusu upepo ulipokuja na kumsukuma upande wa nyaya za umeme. Akachukua msumari niliokuwa nimeufunga kitini kwa ajili ya kupasulia maputo wakati wa kushuka. Pa! Pa!

"Usipasue! Tunakuvuta!"

"Nyaya hizo huzioni?"

"Basi mawili tu! Ulishapasua mawili, yatosha!"

Akaacha kupasua. Akaniangalia kutoka kule juu.

"Unataka nani ashuke mzima, mimi au maputo?"

Jibu nililijua. Lakini kichwa kilikuwa bado kinahesabu, nusu kilo kwa kila puto, na mdomo ukachelewa.

"Haya," alisema.

Akaendelea kupasua, safari hii bila haraka. Tukamvuta mpaka miguu ikagusa chini, nyaya ziko mbali, na hakuacha. Shemeji aliacha kucheka. Mke wangu alikaa pale pale kitini akapasua lile la mwisho, akafungua mkanda, akaingia ndani kufungasha nguo zake.

Hesabu yake ni hii. Mitungi kumi na mitatu ya gesi. Maputo yote. Miaka miwili ya kuweka akiba. Mke wangu yuko kwa kaka yake, leo wiki ya pili, simu hapokei. Kiti ni kizima, hakina hata mkwaruzo. Na mimi sijapanda hata kimo cha kuku.